Kihispania: "umefungwa" ni está cerrada, fue cerrada, quedó cerrada au lleva cerrada?

Kurasa20 anauliza:

Wakuu, naomba msaada wa sarufi ya Kihispania. Najiandaa na mtihani wa DELE (cheti cha Kihispania) ngazi ya B1, na kila insha inarudi na wino mwekundu mahali palepale: pale ninapotaka kusema kitu kiko katika hali gani baada ya tendo kwisha.

Kwetu -me- inatosha. Mlango umefungwa, bibi amekaa, nimeandika kurasa ishirini, duka limefungwa miezi miwili sasa, nimevunjika mkono. Kihispania kinazitawanya hizi kwenye estar, haber, tener, llevar, quedar, na mpaka kati yake siuoni. Hizi ndizo zilizokataliwa:

1. Cuando llegué, la ventana fue rota.
2. He escritas veinte páginas.
3. La abuela está sentando en la silla.
4. La tienda ha sido cerrada dos meses.
5. El bebé está despertado.
6. Mi tío está llegado.
7. Estoy roto el brazo.

Kwamba zina makosa nimeshakubali. Ninachotafuta ni sababu, na kipimo cha kutumia mtihanini bila kuduwaa dakika tano juu ya sentensi moja.

---

Kalamu Nyeusi:

Mkuu, karibu makosa yako yote yana mzizi mmoja. -me- yetu ina kazi mbili na hatuzioni kwa sababu umbo ni lilelile. "Mlango umefungwa" inaweza kujibu swali "kumetokea nini?" na inaweza kujibu "mlango ukoje?" Mhispania hawezi kujibu maswali hayo mawili kwa kitenzi kimoja. La kwanza ni tendo: *han cerrado la puerta*. La pili ni hali: *la puerta está cerrada*.

Kipimo: ingiza "bado" kwenye sentensi yako ya Kiswahili. Ikikaa vizuri, unasema hali, chukua estar pamoja na partisipio (ile sura ya -ado na -ido). "Mlango bado umefungwa": *la puerta todavía está cerrada*, au kwa kitenzi kimoja kizuri zaidi, *sigue cerrada*. Ikikubali saa badala ya "bado", unasema tendo. "Mlango umefungwa saa nane kamili": *han cerrado la puerta a las dos en punto*. (Na mtihanini usisahau kugeuza saa. Wengi hupoteza alama hapo kuliko kwenye vitenzi.)

Kipimo hicho kinakuonyesha pia vitenzi visivyokubali estar kabisa. Jaribu "gari bado limesukumwa". Haileti maana, kwa sababu kusukuma hakuachi alama kwenye gari. Ndiyo maana *el coche está empujado* haipo. Vivyo hivyo kutafuta, kupapasa, kupongeza. Partisipio ya hali inataka tendo lililobadilisha kitu.

Wakati uliopita ndio mwepesi zaidi kwetu, maana Kiswahili chenyewe kinatenganisha. "Dirisha lilivunjika" ni tendo: *la ventana se rompió*. "Dirisha lilikuwa limevunjika" ni hali: *la ventana estaba rota*. Sentensi yako ya 1 ukiirudisha Kiswahili ni "nilipofika, dirisha lilikuwa limevunjika", kwa hiyo *estaba rota*. Ulichoandika kinasema ulipotia mguu ndipo mtu akalivunja, tena kwa lugha ya karani. Katika mazungumzo ser (ndiyo hiyo *fue*) na partisipio ni adimu; Mhispania angesema *rompieron la ventana*. Kama unataka kutaja tukio lililotangulia kufika kwako, sema *se había roto*.

Kuna *estuvo* pia, na hiyo hailingani na -likuwa -me-. *La carretera estuvo cerrada tres días*: barabara ilifungwa kwa siku tatu, hali iliyoanza na ikakoma. *Estaba cerrada* ni picha tu, haisemi ilikoma lini. *Fue cerrada* ni lile tendo la kuweka kizuizi. Ukitaja muda kamili, "siku tatu" au "hadi Jumatatu", nenda kwenye estuvo. Na kukiwa na mtendaji, "na polisi", basi ni ser: *la carretera fue cerrada por la policía*.

Namba 3. Hapa Kiswahili ni rafiki yako, ulimwacha tu. Bibi akiwa kitini hatusemi "anakaa", tunasema "amekaa". -me- hiyo ya mkao wa mwili ni estar na partisipio moja kwa moja: *está sentada*. *Se está sentando* maana yake ndiyo kwanza anashuka, hajafika kitini. Ameinama: *está agachado*. Amepiga magoti: *está arrodillado*. Ameegemea ukuta: *está apoyado en la pared*. Amejificha: *está escondido*. Ona kwamba se inapotea: kitenzi ni *sentarse*, *esconderse*, lakini partisipio haibebi se.

"Amelala" chunguza kwanza. Kama ni usingizi, *está dormido* au *está durmiendo*, zote mbili sawa. Kama amejinyoosha tu kitandani macho wazi, *está acostado* au *tumbado*. "Amesimama" ni *está de pie*. *Está parado* kwa maana hiyo ni ya Amerika ya Kusini na Kati. Ukiisema Hispania watakuelewa kwamba mtu ametulia haendi, au hana kazi.

Namba 6. Amefika, amekuja, ameondoka, amezaliwa: zote zinabaki na haber. *Mi tío ha llegado*. Ukitaka hali, usitumie kitenzi hicho, sema *ya está aquí*. *Llegado* inasimama kama sifa ikishikwa mkono na *recién*: *los recién llegados*, waliofika sasa hivi.

Namba 5 ni suala la msamiati. Baadhi ya vitenzi vina kivumishi kifupi kilichomnyang'anya partisipio kazi ya kueleza hali. Partisipio inabaki kwa haber, kivumishi kinakwenda kwa estar:

*he despertado al niño*, lakini *el niño está despierto*
*he llenado el vaso*, lakini *el vaso está lleno*
*he limpiado la mesa*, lakini *la mesa está limpia*
*he vaciado el cubo*, lakini *el cubo está vacío*
*he secado la ropa*, lakini *la ropa está seca*
*he soltado al perro*, lakini *el perro está suelto*

Hizi ni za kukariri tu. Hata sisi tukiiangalia meza tunasema "ni safi" mara nyingi kuliko "imesafishwa".

Jambo la mwisho: tupilia mbali ile kanuni kwamba estar ni ya mambo ya muda. *Está muerto*. Hakuna hali ya kudumu kuliko hiyo, na ni estar, kwa sababu ni hali iliyopatikana kwa badiliko. Swali ni kama hali hiyo ilitokana na kitu kutokea.

---

Bi Sarufi:

Kalamu Nyeusi amemaliza estar. Naongeza 2, 4 na 7, ambazo hazihusiani na estar kabisa.

Namba 2. Baada ya haber partisipio ni jiwe, haigeuki: *he escrito veinte páginas*. Popote pengine, baada ya estar, ser, tener, llevar, quedar au dejar, inafuata jinsi na idadi ya kitu inachokieleza. Kwa hiyo "escritas" yako ni sahihi ikiwa na kitenzi kingine, na hapo maana inabadilika:

*He escrito veinte páginas*: nimeandika kurasa 20. Taarifa tu.
*Tengo escritas veinte páginas*: ninazo kurasa 20 zilizokwisha kuandikwa, ziko mkononi.
*Llevo escritas veinte páginas*: mpaka sasa nimeshaandika kurasa 20, na kazi inaendelea.

Llevar inadai hesabu. *Llevo leído el libro* haisimami, kwa sababu kitabu kikiisha hakuna kinachoendelea. *Llevo leídas ochenta páginas*, *llevo leído medio libro*, hizo sawa. Mfano wa -me-sha- na idadi, "nimeshalipa awamu tatu", mara nyingi unaangukia hapa: *llevo pagados tres plazos*. Kama mwenye tendo hatajwi, ipo *ir*: *van vendidas trescientas entradas*, tiketi 300 zimeshauzwa hadi sasa.

Tener haitaki hesabu, inataka yambwa, yaani kitu kilichotendwa. *Tengo reservada una mesa*, meza nimeshaiwekesha. Vitenzi visivyo na yambwa haviingii. Huwezi kusema *tengo llegado*. (Galicia utasikia watu wakisema *tengo ido*, wakimaanisha wamekwenda mara nyingi. Ni athari ya Kigalisia, mtihanini usiiguse.) Yambwa ikiwa sentensi nzima, partisipio inabaki ya kiume umoja: *tengo entendido que...*, ninavyofahamu mimi. *Te tengo dicho que no fumes aquí*, nimekuambia mara ngapi usivute sigara hapa. Hiyo ya pili ina ukali ndani yake. *Te he dicho* ni mara moja, *te tengo dicho* ni mara nyingi na nimechoka.

Namba 4. Hali pamoja na muda ambao imedumu hadi sasa ni llevar: *la tienda lleva dos meses cerrada*. Ukiirudisha nyuma ni *llevaba*: *cuando llegué, la tienda llevaba dos meses cerrada*. Kwa maana hii haiendi kwenye *llevó* wala *ha llevado*, maana hali haijakoma kwenye wakati unaousimulia. Meksiko na Karibi utasikia *tiene dos meses cerrada*, ni ileile.

Namba 7 ni kosa letu hasa, sijaona wengine wakilifanya. Kiswahili kinamweka mtu kuwa kiima na kiungo kinafuata: nimevunjika mkono, amevimba macho, amefungwa mikono. Kihispania kinampa mtu tener, na partisipio inafuata kiungo:

Nimevunjika mkono: *tengo el brazo roto*
Amevimba macho: *tiene los ojos hinchados*
Pua imeniziba: *tengo la nariz tapada*
Amefungwa mikono: *tiene las manos atadas*
Gari limepasuka tairi: *el coche tiene una rueda pinchada*

Tukio lenyewe ni *me he roto el brazo*. Kwa daktari unahitaji zote mbili: *me caí ayer y creo que tengo la muñeca rota*.

Na kwa kuwa umeingia kwenye -me-, chukua na kinyume chake. -ja- ya "hakijatandikwa", "haijalipwa", ina tafsiri mbili. Moja ni *todavía no está*, ambayo kila mtu anaijua. Nyingine ni *estar sin* na kitenzi kisichonyambuliwa: *la cama está sin hacer*, *la factura está sin pagar*, *la carta está sin abrir*. Ukiiweka hiyo kwenye insha, mtahini anaona mtu anayeijua lugha. Na llevar inakubali hivyo hivyo: *lleva dos meses sin pagar*.

---

Kurasa20:

Nashukuru sana wote wawili. Hiyo ya "nimevunjika mkono" nilikuwa naona kama Wahispania ndio wanaoipindua.

Maswali mawili. Kwanza, umevunjika na umevunjwa, zote zinakuwa *está roto*? Pili, Kalamu Nyeusi amesema mtendaji akitajwa ni ser, lakini nimekutana na *está firmado por la directora* kwenye barua halisi, na *cerrado por vacaciones* mlangoni mwa duka. Na quedar bado.

---

Mfasiri wa Hati:

La kwanza: ndiyo. Estar haisemi kama kitu kilijivunjikia au kuna aliyekivunja. Tofauti ya -ka na -wa ukitaka kuitunza, ihamishie kwenye tendo: umevunjika ni *se ha roto*, umevunjwa ni *lo han roto*. Katika kutafsiri malalamiko ya mpangaji hiyo ni tofauti ya nani analipa.

La pili, hapo nampinga Kalamu Nyeusi kidogo. Por inakaa na estar katika hali mbili. Moja, mtendaji bado anaishikilia hali yenyewe: *la plaza está rodeada por la policía*, polisi bado wamesimama pale, *el edificio está vigilado por dos guardias*. Mbili, alama ya mtendaji imo ndani ya matokeo: *está firmado por la directora*, saini unaiona. Lakini *la puerta está cerrada por Juan* inakwaruza masikio, kwa sababu ukiutazama mlango Juan humwoni. Hapo ndipo kanuni ya ser inafanya kazi, au bora zaidi *la ha cerrado Juan*. Ama *cerrado por vacaciones* na *cerrado por reformas*, por hiyo ni ya sababu, haihusiani na mtendaji: likizo haikufunga duka.

Sasa quedar. Estar inapiga picha ya hali. Quedar inaonyesha hali ikizaliwa, kama matokeo ya mwisho ya jambo. *Gernika estaba destruida* ni maneno ya mtu aliyepita mji huo akaona. *Gernika quedó destruida en el bombardeo del 26 de abril de 1937* inaunganisha mabomu na magofu. Kwa hiyo quedar hupenda kuwa na chanzo karibu: ajali, moto, uamuzi, kikao.

Wakati uliopo wa quedar ni chombo cha mamlaka. Hali inaanza kwa neno lenyewe kutamkwa: *queda prohibida la entrada*, *queda usted detenido*, *la reunión queda aplazada*, *los votos quedan anulados*. Hakimu akimaliza kusikiliza mashauri husema *visto para sentencia*, na magazeti huandika *el juicio quedó visto para sentencia*: kesi imesikilizwa, kilichobaki ni hukumu. Ukitafsiri hati za ofisi, "kuanzia sasa ni marufuku" na "kikao kimeahirishwa" jaribu queda kabla ya está. *Está prohibido* inaarifu katazo lililopo. *Queda prohibido* ndiyo inayolitia nguvu.

*Quedarse*, yenye se, hasa ni ya viumbe, na mara nyingi ya jambo lisilopangwa: *se quedó dormido*, usingizi ulimchukua, *se quedó viuda*, *se quedó ciego*. Inabeba pia maana ya kubaki, kama "baki" yetu: *todos se levantaron y él se quedó sentado*. Na *quedarse sin* inatatua zile sentensi zetu kama "nyumba imeezuliwa paa": *la casa se ha quedado sin tejado*.

Dejar ni quedar yenye mwenyewe. Aliyesababisha ndiye kiima: *dejé la puerta abierta*, *la noticia nos dejó preocupados*, *dejó dicho que volvería*, aliacha ujumbe kwamba atarudi. Kwa kifupi "acha" na "baki" zinakuongoza vizuri: mtu kaacha, dejar, kitu kimebaki, quedar.

Kuna ndugu yao mmoja wa ofisini, *dar por*: *doy por terminada la reunión*, nahesabu kikao kimekwisha. Terminada inafuata reunión, usiiache *terminado*.

---

Kalamu Nyeusi:

Nakubali kuhusu por. Nilikuwa nakata njia.

---

Jiko na Sarufi:

Nimechelewa, ila hakuna aliyegusa partisipio inayosimama peke yake bila kitenzi kisaidizi, na kwenye kusoma B1 ipo. Ni -kisha- yetu. "Viazi vikishakaangwa": *una vez fritas las patatas*. "Kikao kilipokwisha": *terminada la reunión*. Partisipio inatangulia, jina linafuata, vinapatana, na hakuna estar wala haber. Mfano maarufu ni tangazo la Jenerali Franco la tarehe 1 Aprili 1939 la kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, linaloanza *En el día de hoy, cautivo y desarmado el Ejército Rojo...* Kitenzi cha kwanza kinakuja baada ya hapo.

Mahali pazuri pa kuizoea ni maelezo ya mapishi. Orodha ya vitu ni partisipio tupu: *una cebolla picada*, *dos tomates pelados*, *tres huevos batidos*. Hatua zinakuja na *una vez*: *una vez peladas y cortadas las patatas, se fríen a fuego lento*. Na unaposubiri hali itokee, *cuando* inadai *esté*, si *está*: *cuando la cebolla esté dorada, se añade el tomate*. "Kitakapokuwa" bado hakijawa, ndiyo sababu.

Angalia "kimeiva". Tunda ni *está maduro*. Wali au nyama jikoni ni *está hecho*, *está hecha*. *Madurado* juu ya embe ni kosa la kundi lile la despierto.

Zisizofuata -ado na -ido, andika mbele ya daftari: abierto, cubierto, dicho, escrito, hecho, muerto, puesto, resuelto, roto, visto, vuelto. Watoto wao wanafuata: descubierto, descrito, deshecho, previsto, devuelto, na satisfecho. Tahadhari na *bendecir*, imezaliwa na *decir* lakini haisemi "bendicho": *he bendecido*, na kivumishi ni *agua bendita*. Vitenzi vitatu vinaruhusiwa umbo mbili hata kwenye haber: *he freído* au *he frito*, *he imprimido* au *he impreso*, *he proveído* au *he provisto*. Kwa hali, chagua fupi: *patatas fritas*, *está impreso*.

"Amevaa" usiipeleke *está vestido* kila mara. Ukitaja nguo ni llevar na puesto: *lleva puesta una camisa blanca*, *lleva puestas las gafas*. *Está vestido de blanco* ni rangi au mavazi kwa ujumla.

---

Kurasa20:

Naomba kusahihishiwa hizi, nimejaribu kila moja ya hapo juu:

a) Tengo enviado los documentos.
b) El jefe quedó la oficina cerrada.
c) Llevo traducido el contrato.
d) La factura está sin pagada.
e) Una vez freídas las patatas, se dejan escurridas.
f) Las luces estaban encendidas y la puerta medio abierta.
g) Mi hermana es aburrida porque no hay nada que hacer.

---

Bi Sarufi:

a) *Tengo enviados los documentos*. Tener si haber, partisipio inafuata documentos.

b) *Dejó*. Bosi ndiye aliyeacha. Ukimwondoa bosi, *la oficina quedó cerrada*.

c) Chagua. Ukiwa umemaliza, *tengo traducido el contrato*. Ukiwa unaendelea, taja kiasi: *llevo traducida la mitad del contrato*. Ona traducida imehamia kwa mitad.

d) *Sin pagar*. Baada ya sin kitenzi hakinyambuliwi.

e) *Fritas*. Na *se dejan escurrir*: unaviacha vichuje mafuta, tendo bado liko mbele. Dejar na partisipio maana yake kuchuja kumeshakwisha ndipo unaviacha.

f) Sahihi, na hukuandika *media abierta*, mtego ambao hata wenyeji hunasa. *Medio* hapo haigeuki.

g) Dada yako atakasirika. *Es aburrida* ni mtu anayechosha wenzake. Aliyechoshwa *está aburrida*. Chunga na *callado*: *es callado* ni mkimya kwa tabia, *está callado* amenyamaza.